Aliyelindwa na Sheria

Cwm Helyg, Wales Kusini
11 Juni 2012

Dada yangu mpendwa Eluned,

Nakusalimu kwa mapenzi ya waliozaliwa tumbo moja, na kabla sijasema lolote nataka kujua nyonga yako inaendeleaje. Uliniambia kwenye simu kwamba daktari wa huko Australia amekuruhusu utupe mkongojo mmoja ubaki na mwingine. Tafadhali usiutupe na huo wa pili kwa ujeuri, nakujua. Wajukuu nao wazima? Yule mdogo ameacha kung'ata wenzake? Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua baridi ikizidi, na mwaka huu baridi imekataa kuondoka hata mwezi huu wa Juni. Mlima umejifunika ukungu tangu Jumatatu. Kanisa letu limeuzwa kama ulivyosikia. Aliyelinunua anauza mazulia, na pale alipokuwa akisimama mhubiri sasa limetundikwa zulia lenye picha ya simbamarara. Nilipita nikacheka, kisha nikaona haya kucheka.

Najua unashangaa kupata barua ndefu kutoka kwa mtu ambaye hata kadi za Krismasi alikuwa akiandikiwa na marehemu mkewe. Simu ningeweza kupiga. Lakini kwenye simu wewe hunikatiza, nami hulia, na haya ninayotaka kukueleza hayafai kukatizwa. Kwa hiyo jitengenezee chai, keti mahali penye mwanga, usome taratibu.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kuhusu ile picha uliyoiona kwenye mtandao, dada yetu Menna kichwa wazi sokoni, na mwanamume mnene mbele yake ameshika wigi. Nilikujibu kwamba ni mambo ya siasa, yatapita. Halikuwa jibu la kumpa dada mkubwa. Acha nianzie mwanzo.

Unajua kwamba saratani ya titi ilimpata Menna, akakatwa, akachomwa kwa mionzi, tukaambiwa imetulia. Kiangazi kilichopita ikarudi. Akaacha kazi ya upishi pale shuleni, akaanza kupokea posho ya ugonjwa, ile ambayo sisi sote tumekatwa kwenye mshahara tangu ujana ili siku mtu akianguka aokotwe. Kila Alhamisi nilimpeleka hospitali kutundikiwa dripu. Pale viti vimepangwa kama kwa kinyozi, kila mtu na chupa yake juu ya kichwa, na watu huzungumza ili wasitazame chupa. Ndimo Menna alimopata marafiki wake wawili. Mmoja ni Vernon Tasker, dereva wa malori, aliyeondolewa kisanduku cha sauti kwa ajili ya saratani ya koo. Alikuwa akiongea kwa kubonyeza kidude shingoni, sauti ikatoka kama redio ambayo betri zinakaribia kuisha. Mwingine ni Sioned Pugh, binti mdogo tu, keshia wa supamaketi, mwenye saratani ya utumbo. Ana watoto wawili, na mumewe Dai anapakia mizigo ghalani. Sioned alimwita Menna shangazi tangu siku ya kwanza, na Menna, ambaye hakujaliwa mtoto, akalikubali jina hilo kama mtu aliyekuwa akilingoja.

Basi wakiwa pale kwenye viti ndipo habari za sheria mpya zikawafikia. Serikali ilisema posho ile italipwa kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukitimia nawe bado unaumwa, na nyumbani kwako kuna mwenzi mwenye kazi, au una akiba kidogo benki, basi imekatika, jitegemee. Na kama wamekuhesabu kuwa huenda siku moja ukapona, utaitwa ofisi ya kazi kuzungumzia namna ya kujiandaa kurudi kazini, hata kama leo huwezi kupanda ngazi zako mwenyewe. Vernon alibonyeza kidude chake akasema, "Mbona saratani yangu haijaambiwa kwamba ina mwaka mmoja? Nani ataipelekea taarifa?" Manesi wakacheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje.

Menna aliitwa ofisi ya kazi mwezi wa Desemba. Niliingia naye kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Tukapokelewa na kijana mmoja mwenye tai, mpole kabisa, aliyeambiwa asome maswali kwenye kompyuta na asiruke hata moja. Akamuuliza ni kitu gani hasa kinachomzuia kurudi kazini. Menna akamjibu, "Nywele zangu. Zimetangulia kutafuta kazi, nangoja ziniite." Kijana akaandika. Kweli, dada, aliandika. Kisha akauliza kama anaweza kunyanyua sanduku tupu. "Sanduku tupu naweza," Menna akasema. "Likishajaa watalinyanyua wengine." Hapo kijana akaacha kuandika, masikio yakamwiva.

Tulipofika kwenye gari, Menna hakutaka niondoke. Alikaa ameshika mkoba magotini, akitazama mlango wa ile ofisi. Nikadhani ana hasira. Akasema, "Yule mtoto nimempikia mimi, Gwil. Alikuwa hali njegere. Nilikuwa namfichia chini ya viazi." Baada ya hapo ndipo akaniambia nimpeleke kununua karatasi ngumu na kalamu nene.

Jumamosi iliyofuata waliweka meza sokoni, karibu na muuza samaki, wakaanza kukusanya saini za kupinga sheria. Walikuwa watu wa kusikitisha kuwatazama, nakiri. Vernon na kidude chake, Sioned amejifunga blanketi kiunoni, Menna na lile wigi la kuazima hospitali, la rangi ya chai ya maziwa, lisilokaa sawa. Watu wengi walitia saini. Wengine walipita upande wa pili wa barabara, maana mtu mzima huogopa kumtazama mgonjwa kana kwamba macho yanaambukiza.

Huyo mnene wa kwenye picha ni Clive Maddocks, katibu wa klabu ya raga. Alikuja na magazeti yake kwapani, akasimama, akaanza kupayuka ili soko zima lisikie. Eti yeye ameamka alfajiri maisha yake yote, eti kodi yake ndiyo inayolisha watu wanaojua kulala tu. "Nchi imejaa wavivu," alisema, "na wavivu sasa wameweka na meza!" Sioned alianza kulia. Mimi nilikunja ngumi, na kwa umri wangu hilo lingekuwa kichekesho kingine. Menna hakupandisha sauti. Alivua wigi, akamnyooshea. "Clive, mpenzi, nishikie hili kidogo. Nataka kujikuna." Naye, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri na mama yake, akalishika. Akabaki amelishika hivyo, kama mtu aliyekabidhiwa paka mfu, huku Menna akijikuna kipara taratibu mbele ya watu wote. Muuza samaki alipiga picha. "Usilikunje, Clive," Menna akamwambia alipomaliza, "ni mali ya serikali hiyo. Kodi yako."

Siku chache baadaye Clive alikuja kwangu. Hakuomba radhi, unawajua watu wa ukoo ule, wangekufa kwanza. Alikuwa amesikia kwamba tunatafuta usafiri wa kwenda London siku Malodi, wale wazee wa baraza la juu la bunge, watakapoijadili sheria. Akaweka mezani funguo za basi dogo la klabu, akasema tangi limejaa, akaondoka.

Kwa hiyo mwezi wa Januari niliwaendesha hadi London. Mimi niliyestaafu udereva wa basi, nikarudi kwenye usukani. Tuliketi juu kwenye roshani ya wageni, tukiwatazama wale wazee chini, wengine wamefumba macho, hatukujua kama wamelala au wanafikiri. Alisimama bibi mmoja mwenye sauti nyembamba, akasema kwamba mtu aliyelipia mwavuli maisha yake yote asinyang'anywe mvua ikianza. Kisha wakatoka kupiga kura, wakarudi, na matokeo yakasomwa. Tulishinda, Eluned. Vernon alibonyeza kidude asitoe neno, kikapiga mluzi kama birika, na askari wa mlangoni akajifanya hasikii. Sioned alinikumbatia shingo nikakaribia kudondosha miwani chini kwenye vichwa vya Malodi. Menna peke yake alikuwa bado ameketi. Alinivuta mkono akauliza, "Na wale wabunge wenyewe? Sheria si inarudi kwao?"

Alikuwa sahihi. Februari tukarudi London tena. Safari hii tulikaa nje, kwa sababu viti vya magurudumu vilikuwa vingi mno, watu wa kila pembe ya nchi wamekuja, na theluji yenye maji inatunyeshea. Niliona mtu mwenye mtungi wa oksijeni amefunikwa mfuko wa plastiki. Niliona bibi mmoja aliyelazwa kwenye kitanda chenye magurudumu, mwanawe akimshikia mwavuli usoni. Ndani walimaliza kazi mchana mmoja. Wabunge waliyatupilia mbali yale yote tuliyopewa na Malodi, na wakaongeza kwamba mambo ya fedha ni yao peke yao, Malodi hawana ruhusa kuyagusa tena. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti ndiye aliyetutangazia. Sioned aliuliza, "Sasa wale wazee walitupigia kura ya nini?" Nikamfungia mkanda kitini.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Nilisimama kituoni ili wapate chipsi. Zikapoa kwenye makaratasi.

Vernon alitutoka Machi. Mkewe alimzika na kile kidude shingoni, akasema huko aendako hatakosa mtu wa kubishana naye. Tulicheka makaburini, dada, wote, halafu Menna akashindwa kuacha kucheka, mpaka nikamshika mabega.

Mwisho wa Aprili posho ya Sioned ikakatika. Mwaka wake ulikuwa umekwisha, na Dai ana kazi, kwa hiyo kwa hesabu za serikali nyumba ile ilikuwa na neema. Dai akaomba zamu za ziada. Watoto wakawa wanamwona baba yao amelala tu. Sioned naye, bila kumwambia shangazi yake, akarudi kwenye kaunta ya supamaketi kwa nusu siku, mfuko wa choo umefungwa tumboni chini ya sare, katikati ya dripu moja na nyingine. Madaktari walikuwa wamemwonya akae mbali na watu wenye mafua. Sasa niambie, keshia atakaaje mbali na watu? Alianguka Ijumaa moja akiwa ameshika kabichi ya mteja. Ikawa ni maambukizi ya damu. Akalazwa, na dripu zake zikasimamishwa mpaka apate nguvu, na hakuna aliyejua ugonjwa wenyewe utakuwa unafanya nini wakati huo.

Menna alipopata habari hizo hakulia wala hakutukana. Alinyamaza, na wewe na mimi tunajua kwamba Menna akinyamaza ni afadhali uondoke chumbani.

Na sasa, dada, nakuja kwenye lile lililonikalisha niandike.

Mwezi wa Mei wizara ilimtuma bwana mmoja atueleze sheria. Mkutano ulifanyika Ukumbi wa Wachimba Makaa, pale baba alipopigia kura mgomo. Palijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Sioned alikuwa ametoka hospitali siku ile ile, amekaa mbele na Dai, rangi yake ni ya mshumaa. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha zake za kuonyesha ukutani na glasi ya maji. Alieleza na kueleza, na kila alipoulizwa swali gumu alirudia sentensi moja, kwamba wagonjwa mahututi hawana cha kuogopa, wagonjwa mahututi wamelindwa.

Menna aliinua mkono. Nilitaka kumsaidia kusimama, akanipiga kofi mkononi. Alisimama mwenyewe kwa kushika kiti cha mbele. Hakuvaa wigi.

"Bwana," akasema, "naomba unieleze kwa lugha ya jikoni. Mgonjwa mahututi ni nani?"

Bwana akasema ni yule ambaye daktari wake amethibitisha kwamba maisha yaliyobaki hayazidi miezi sita. Huyo haulizwi maswali, haitwi ofisi ya kazi, posho yake ni kamili na haina mwisho wa mwaka mmoja.

"Ahsante," Menna akasema. "Basi niliyelindwa ni mimi."

Nilidhani anafanya mzaha wake. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu, Mungu anisamehe.

"Saratani yangu ilifika kwenye ini mwezi wa Novemba," akasema. "Daktari aliniambia miezi mitano, sita nikiwa mbishi. Mnajua nilivyo mbishi. Sheria yako hainigusi, bwana. Hainigusi hata ukucha. Haikunigusa siku niliyoweka meza sokoni kwenye baridi ya Desemba, wala siku nilizokwenda London. Kaka yangu pale alikuwa akidhani najipigania. Tazama uso wake, ndiyo anasikia sasa." Na watu wote wakageuka kunitazama, Eluned, ukumbi mzima, na sikujua pa kuweka uso wangu.

Kisha akamnyooshea Sioned mkono. "Sasa mtazame huyu. Ana watoto wawili. Madaktari wanasema akitunzwa anaweza kupona. Hilo ndilo kosa lake. Hajafa vya kutosha. Mimi ninayeondoka mmeniwekea mto chini ya kichwa, na huyu anayeweza kubaki mmemrudisha kwenye kaunta mpaka akaangukia kabichi. Nimepika shuleni maisha yangu yote. Chakula kikiwa kidogo, sijawahi kumnyima mtoto anayekua nikampa aliyekwishaaga. Nani aliwafundisha nyinyi kupakua?"

Bwana wa wizara alikunywa maji kwenye glasi yake. Alisema kwamba anasikitika sana. Nadhani alisikitika kweli. Kisha akasema kwamba yeye haandiki sheria, na akaanza kukusanya makaratasi yake, na mtu wa ukumbi akazima ile taa ya picha. Hakuna kilichobadilika, dada. Nisikudanganye. Gazeti la hapa liliandika safu moja, wakakosea na jina, wakamwita Menna bibi wa miaka sabini. Aliumia kwa hilo kuliko yote.

Ndani ya gari nilimgombeza. Nilimuuliza alikaaje na jambo hilo majira yote ya baridi, mimi ninampeleka na kumrudisha kila Alhamisi, nikimwambia kila mara kwamba sura yake imeanza kurudi. Akaniambia alipenda kusikia hivyo, ndiyo maana hakuniambia. Nikamuuliza mbona aliendelea kuitwa ofisi ya kazi kama daktari angeweza kumwondolea adha hiyo kwa saini moja. Akasema daktari alitaka kutia saini siku ile ile ya Novemba, yeye ndiye aliyemkataza. "Ningeitwaje mgonjwa wa kufa halafu nisimame sokoni nidai haki ya wanaotaka kuishi?" alisema. "Wangenipa pole, Gwil, na wangeondoka. Watu hawabishani na maiti. Nilitaka wabishane na mimi." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, kwamba pia alikuwa anaogopa. Siku akikubali saini ile, alisema, atakuwa amekubali na mengine.

Nilizima injini. Tulikaa pale mbele ya ukumbi, watu wakitoka na kupita wakitazama pembeni. Baadaye akasema amechoka, nimwambie daktari atie saini sasa. Daktari alitia saini Jumatano. Wiki haikuisha, posho kamili ikaingia, pamoja na barua yenye maneno ya adabu. Tangu nizaliwe sijaona serikali ikikimbia namna ile.

Jambo la mwisho aliloniomba mle garini ni kwamba wewe usiambiwe. "Eluned nyonga yake haijapona," alisema. "Ukimwambia atapanda ndege na mkongojo wake, atakuja kunisomea zaburi na kupanga upya kabati zangu. Mwambie nikishazikwa." Nilimwahidi. Nilitikisa kichwa tu, lakini anajua na mimi najua kwamba ilikuwa ahadi. Na Jumapili zote hizi ulizopiga simu, ukamsikia akicheka na kusema hajambo, ni kikohozi kidogo tu, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimeshika mto uliokuwa ukimwinua mgongo ili sauti itoke vizuri.

Leo navunja ahadi hiyo. Sijawahi kumvunjia ahadi, na siombi uniombee msamaha kwake.

Hali yake ni hii. Tumemteremshia kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Nesi huja asubuhi na jioni kumchoma dawa ya maumivu. Hali ila pichi za kopo, na supu ya vitunguu maji nikimsihi sana. Ngozi yake imegeuka manjano, usije ukashtuka mbele yake. Kichwa kimeota manyoya laini meupe kama ya kifaranga. Sioned huja kumwosha kichwa hicho kwa maji ya vuguvugu, ingawa naye hushika ukuta akitembea. Dripu zake zimeanza tena, na ile supamaketi haijampigia simu kumwita, jambo ambalo yeye na Dai hawajui walifurahie au waliogope. Posho yake haijarudi na haitarudi. Menna bado ananiamuru niandike barua kwa magazeti, ananitamkia, mimi naandika, kisha analala katikati ya sentensi, nami nakaa na kalamu nikingoja aendelee. Kuna siku haendelei.

Daktari hataji tena muda. Nilipomuuliza mlangoni alinishika bega tu.

Najua utaniuliza niliwezaje kukaa na haya tangu Mei. Niliweza kwa sababu aliniangalia machoni alipokuwa akiniomba. Lakini jana alikuwa amelala, na usingizini akakuita, Eluned. Hakuniita mimi ninayemgeuza, wala mama. Alikuita kwa lile jina la utotoni ambalo ulitukataza kulitumia mbele ya wavulana. Nikaona kwamba kuna ahadi ambazo mtu akizitunza sana atazijutia makaburini.

Basi njoo. Usingoje Agosti kama ulivyopanga. Usingoje nyonga. Shukia Cardiff, mimi au Clive tutakuja kukupokea, amesema basi dogo liko tayari hata sasa. Usilete maua, anasema yananuka hospitali. Zaburi lete, maana wengine tutazihitaji.

Nisalimie wajukuu na mama yao, na jirani yako yule mwenye kasuku. Dai na Sioned wanakusalimu ingawa hamjaonana. Menna hakutumii salamu, kwa kuwa hajui kwamba ninaandika. Anadhani nashindana na gazeti. Akikuona umesimama mlangoni na huo mkongojo wako, atanitukana matusi ambayo nyumba hii haijayasikia tangu baba afariki.

Nataka kuyasikia matusi hayo, dada. Fanya haraka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gwilym